Picha Zetu Zinadai Beti

Kila mwezi wa Aprili magazeti yetu huichapa tena picha ya Mwalimu Nyerere akichanganya udongo wa Tanganyika na wa Zanzibar mwaka 1964. Tumeizoea tangu vitabu vya shule ya msingi. Jicho huenda moja kwa moja kwa Mwalimu, kisha kwenye mikono yake, kisha kwenye chombo anachomiminia. Lakini wapo pia vijana walioshika chombo kile, na siku hizi ndio ninaowatazama mimi. Kijana aliyepewa kazi ya kushika chombo kama hicho anawaza nini? Anaogopa kukiangusha? Jioni aliporudi kwao, mama yake alimuuliza nini? Maelezo ya chini ya picha hutaja nani, wapi na lini, na yakishataja hayo kazi yake imekwisha. Maswali yangu yanabaki hewani. Wazee wetu walikuwa na pa kuyapeleka maswali ya namna hiyo. Waliyapeleka kwenye shairi.

Nimefundisha Kiswahili sekondari sehemu kubwa ya maisha yangu, na utotoni nililelewa nusu nyumbani, nusu studio ya picha. Picha na shairi sikuvijua kama vitu vinavyoishi mbalimbali, na ndiyo maana naumia nikiona tulivyovitenganisha. Leo kila mwenye simu ni mpiga picha. Arusi moja ya hapa Tanga hutoa picha ambazo zamani zingeutosha mtaa mzima kwa miaka. Simu huzipa namba, zikalala humo humo, na siku simu ikitumbukia ndooni au ikichomolewa mfukoni stendi, basi tena. Hata zile chache zinazochapishwa zikapangwa kwenye albamu, jaribu kumuuliza mjukuu: huyu mwenye miwani ni nani? Atakwambia labda ni rafiki yake babu. Ninachodai ni hiki: picha yenye thamani kwa familia au kwa nchi itungiwe ubeti, hata kama ni mmoja, na itungiwe wakati wanaoijua bado wapo.

Studio ilikuwa ya mjomba, Ngamiani hapa hapa Tanga, chumba kimoja chenye pazia lililochorwa minazi na bahari, ilhali bahari yenyewe ilikuwa mwendo mfupi tu kutoka mlangoni. Pembeni palikuwa na kioo, kitana kilichofungwa kwa kamba, koti moja la kiume linalomfaa kila mtu kwa mbele tu, maua ya plastiki, redio isiyo na betri, mkoba mweusi wa kike na saa ya mkono. Mtu alikuja na uso wake, vingine alivikuta hapo hapo. Jioni mjomba alifunga mlango, akawasha taa nyekundu, akaanza kusafisha picha. Niliruhusiwa kupanda juu ya stuli nitazame mradi nisiguse kitu. Karatasi ikitumbukizwa kwenye trei ya dawa, mwanzo haina chochote. Halafu weusi hutangulia: nyusi, mboni, nywele. Baadaye huja kivuli cha pua na mikunjo ya nguo. Kanzu na meno havitokezi hata mara moja, kwa sababu weupe ule ni karatasi yenyewe ambayo mwanga haukuifikia. Nilikuwa nikimwona mtu anakusanyika mbele yangu kidogo kidogo, na mjomba, bila kugeuka, akinisimulia habari zake: huyu anaposa wiki ijayo, huyu anampelekea picha mumewe aliyeko mashamba ya mkonge, huyu amegombana na baba yake na picha hii ndiyo ya kuombea radhi. Habari zile zote ziliishia chumba cha giza. Bahasha iliyotoka dukani ilikuwa na picha tu.

Miongoni mwa picha zilizonibakia kutoka studio ile ipo ya shangazi yangu, dada wa baba, ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Amesimama mbele ya ile minazi ya kuchora, kavaa gauni la maua, mkoba mkononi, saa kifundoni. Kila aionaye husema alikuwa mzuri, na ni kweli alikuwa mzuri. Ila tazama macho. Hayakuielekea kamera. Yamekwenda kidogo upande wa kushoto, na midomo imefunguka nusu, neno limefika kwenye ulimi likazuiwa. Wengi hudhani alikuwa akiona haya. Bibi ndiye aliyenieleza, siku moja tukichambua mchele uani. Shangazi alikuwa ametoka arobaini juzi yake tu, na mtoto alikuwa kabebwa na bibi huyo huyo, pembeni ya kamera. Mjomba alipoanza kuhesabu, mtoto akapasua kilio. Shangazi akaambiwa asitikisike. Mwili ukatii, macho yakakataa. Mkoba ulikuwa wa studio. Saa nayo ilikuwa ya studio, tena ilikuwa imesimama, maana mjomba aliinunua mbovu kwa kazi hiyo tu.

Bibi alipofariki nikaogopa kwamba habari ile sasa iko kichwani mwangu peke yangu. Nikaketi nikaandika:

Shangazi umesimama, macho hayana kituo,
Mkoba wa kuazima, saa isiyo na mbio,
Pembeni kwa wako mama, mwana azidi kilio,
Picha haikuyasema, nami natega sikio.

Gauni sikulitaja, wala minazi, wala uzuri wake. Vyote hivyo picha inavyo, na inavyo kwa ukamilifu ambao maneno yangu hayaufikii. Nilitaja kisichoonekana: sauti ya mtoto, mwenye mkoba, na kwamba ile saa haikuwa ikienda. Mwana aliyekuwa analia leo ni binamu yangu mwenye mvi, dereva wa malori ya masafa marefu. Picha na ubeti anaviweka pamoja kwenye bahasha ya kaki, na akiwaonyesha wajukuu zake huwasomea ubeti kwanza, ndipo akaitoa picha. Wajukuu huyatafuta macho ya mama wa babu yao kabla ya kitu kingine.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu mashairi mengi ya picha ninayoletewa niyasome yanaishia kwenye kinachoonekana. Tabasamu linafananishwa na mwezi, meno na lulu, mavazi yanasifiwa rangi, na beti nane zikiisha sijui lolote ambalo jicho langu lisingenipa lenyewe. Mtunzi akae na picha mpaka aulize kilichobaki nje ya fremu. Nani alikuwa ameshika kamera, na kwa nini alisimama pale? Dakika moja kabla walikuwa wakibishana nini? Katika picha ya wanafunzi wa darasa zima, nani hayupo, na alikuwa wapi siku hiyo? Majibu ya maswali hayo yako kwa watu, si kwenye karatasi. Mtunzi itambidi ainuke aende akaulize, na kwa mawazo yangu safari hiyo ya kuuliza ndiyo nusu ya utunzi.

Watu wa pwani walikuwa wakiunasa wakati kwa maneno kabla kamera haijatua kwenye bandari zetu. Mwaka 1858 Mwana Kupona binti Msham, akiwa mgonjwa, alimtungia bintiye Mwana Hashima utendi wa kumuusia. Sijapata kuona picha ya Mwana Kupona. Lakini utendi unaanza kwa mama kumwita binti asogee, aketi, ashike wino na karatasi. Chumba chote kimo humo: mgonjwa kitandani, msichana chini na kalamu yake. Kabla yake, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir katika utenzi wa Al-Inkishafi alitupitisha ndani ya majumba ya mji wa Pate yaliyokwisha kuanguka. Katika madaka ya ukutani, ambamo matajiri walikuwa wakipanga sahani zao, yeye anaona makinda ya ndege. Nimelifikiri daka lile mara nyingi. Mpiga picha hodari angeingia Pate akalipata daka, akayapata na makinda, na ingekuwa picha nzuri. Sahani asingezipata, kwa kuwa zilikuwa zimekwisha kuondoka. Mshairi anazo sahani na makinda kwa pamoja, ndani ya mistari miwili mitatu. Picha ina wakati mmoja tu, ule uliopigwa. Shairi linaweza kushika nyakati mbili, na ndiyo maana picha inalihitaji.

Wapo wanaoniambia kwamba picha nzuri inajitosheleza, ukiiongezea maneno unaiharibu. Hoja hii naiheshimu inapotoka kwa wapiga picha, kwa kuwa wamechoshwa na maneno ya hovyo yanayobandikwa juu ya kazi zao. Lakini wakumbuke Mohamed Amin. Huyu alizaliwa Nairobi mwaka 1943, akaanzisha Camerapix Dar es Salaam mwaka 1963, na Oktoba 1984 alikuwa Korem, kaskazini mwa Ethiopia, akiwapiga picha za mjongeo watu waliokuwa wakifa kwa njaa. Picha zile ziliporushwa na BBC ziliongozana na maneno ya mwandishi Michael Buerk, machache, yaliyopimwa, yaliyosomwa taratibu. Dunia ilishtuka. Mwaka uliofuata likafanyika tamasha la Live Aid kuchangia walioathirika. Huwezi kuniambia kwamba maneno yale yaliziharibu picha za Amin. Yalimshika mtazamaji bega asigeuze uso. Mwaka 1991 Amin alipoteza mkono katika mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, akatengenezewa wa bandia, akarudi kazini. Mwaka 1996 alifariki katika ndege ya Ethiopia iliyotekwa ikaanguka baharini karibu na Comoro. Mtu wa namna hiyo anastahili utenzi mrefu, na ningefurahi kuona kijana wa Nairobi au wa Dar akijifunga kibwebwe kuutunga.

Tena, sisi watu wa kanga tunashindwaje kuelewa kwamba taswira na maneno huenda pamoja? Kanga ina pindo, ina mji, na ina jina. Mwanamke akiingia dukani, rangi humvuta, lakini kabla hajatoa pesa atainyoosha asome jina, na jina lisipompendeza ataikunja airudishe, hata mji wake ungekuwa mzuri vipi. Picha zetu tumezipa pindo na mji, tukazinyima jina.

Swali la bahari gani itumike huniletea ubishi kila ninapozungumza na watunzi wenzangu. Sheikh Kaluta Amri Abeid alitupa Sheria za Kutunga Mashairi mwaka 1954, na Euphrase Kezilahabi akatuletea diwani ya Kichomi mwaka 1974 bila kuzifuata sheria hizo, na ubishi haujaisha hadi leo. Mimi ni mtu wa arudhi, na picha za studio nazitungia kwa arudhi bila kusita. Mtu wa studio alibanwa: kidevu juu, mikono hivi, usipepese. Mizani kumi na sita kwa mshororo humbana mtunzi vile vile, na katika kubanwa huko analazimika kuchagua kitu kimoja au viwili vya kusema. Lakini picha za simu, zile za mtu anacheka chakula kikiwa mdomoni, mtoto katoka nje ya fremu nusu, kuku kapita mbele, hizo nakubali zinaweza kwenda na shairi huru. Nimewasomea wanafunzi mashairi huru ya mistari mitano juu ya picha za aina hiyo, na darasa lilitulia. Ninachokataa ni kisingizio cha uhuru kwa mtu ambaye hakutaka kukaa na kazi yake. Mstari mfupi una deni kubwa kuliko mrefu.

Shuleni ndipo ninapopaonea uchungu zaidi. Mwanafunzi wa kidato cha nne anaweza kukuhesabia mizani, akakutajia kina cha kati na cha mwisho, akakueleza kibwagizo ni kipi, kisha anamaliza masomo bila kuwahi kutunga ubeti juu ya mtu wa nyumbani kwao. Niliwahi kuwaambia wanafunzi wangu kila mmoja alete picha moja ya zamani kutoka nyumbani, na kabla ya kuandika chochote amuulize mtu mzima mmoja habari zake. Msichana mmoja alileta picha ya babu yake akiwa na baiskeli. Ubeti wake ulisema baiskeli ile ilikuwa ya mdeni wa babu, na babu alipigwa picha nayo siku aliyoirudisha, deni likiwa limelipwa. Baba wa msichana, mtoto wa kuzaliwa wa mzee yule, hakuwa akiijua habari hiyo. Aliyeijua ni bibi kizee wa nyumba ya pili. Zoezi lile halihitaji fedha za serikali wala mtaala mpya. Linahitaji mwalimu aseme tu, leteni picha.

Kuna picha ambazo ningependa shairi lichukue nafasi yake kabisa. Ajali ikitokea barabarani, simu hutolewa kabla ya mashuka ya kuwafunikia marehemu, na ndani ya saa moja watoto wa mtu wanakutana na uso wa baba yao kwenye simu za watu. Hilo linanitia simanzi na hasira. Ushairi wa Kiswahili umeomboleza siku zote bila kumvua marehemu nguo. Aliyekufa anatajwa kwa kazi yake, kwa ucheshi wake, kwa pengo aliloliacha kwenye jamvi. Mwenye mkono unaowasha akitaka kuwaeleza watu msiba aandike ubeti, na kamera aiache mfukoni.

Kwa anayetaka kuanza leo, machache ya kikazi. Picha za zamani za karatasi ya kawaida ziandikwe nyuma kwa penseli laini, pole pole, juu ya meza iliyo sawa, maana kalamu ya wino huvuja na ncha yake hutokeza mbele kwenye sura ya mtu. Picha za rangi za miaka ya karibuni zina mgongo wa plastiki ambao haushiki penseli, hizo ubeti uandikwe kwenye karatasi kando na viwekwe bahasha moja. Albamu zile za kurasa zenye gundi na nailoni zinaziua picha polepole, ukiziona zimeanza kunata zitoe mapema, kabla karatasi haijachanika. Na kwa joto letu la pwani usiache picha iguse kioo cha fremu, itagandamana nacho. Za kwenye simu, chagua chache kila mwezi, zichapishe, na ubeti uuandike siku hiyo hiyo, huku sauti za watu waliokuwapo bado unazisikia.

Sasa niwageukie wahariri. Kurasa za mashairi ni urithi wa magazeti yetu tangu enzi za Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, ambamo watunzi waliulizana na kujibizana toleo hadi toleo. Naomba ukurasa huo uchapishe picha moja kila wiki, picha ya msomaji wa kawaida, na watunzi waalikwe kuijibu kwa beti zisizozidi tatu. Wanaoijua picha watunge wanayoyajua, wasioijua watunge maswali. Wiki ya pili zichapwe beti zilizokidhi, na mwenye picha ajibu kwa mizani ile ile iwapo watunzi wamepatia au wamekosea. Tutapata malumbano safi, na watu wengi waliokaa kimya kwenye makabati watarudi mtaani kwa majina yao.

Ya kuanzia ninayo. Ni ya timu ya mpira ya vijana wa Ngamiani, aliipiga mjomba jioni, vivuli vimelala virefu kuelekea goli. Wamepangwa safu mbili, waliochuchumaa mbele na mpira katikati yao. Baadhi nawajua, na mmoja wao alikuja kuvunja mioyo ya mashabiki wa African Sports kwa mabao yake. Lakini ukingoni kulia yupo wa mwisho ambaye fremu imemkata bega, amevaa shati la nyumbani wakati wenzake wote wamevaa jezi, na mkononi ameshika viatu vya mpira ambavyo hakuvivaa. Wazee wa Tanga mliocheza kiwanja kile, nitumieni ubeti: huyo ni nani, na viatu ni vya nani?